Lalamiko Linalofika: Somo Kuhusu Jumbe za Mkupuo na Namna ya Kuziripoti

Mkazi wa Mbagala, Chamazi, Tandale au Bunju hupokea jumbe nyingi ambazo hakuziomba. Baadhi ni matangazo ya mikopo, viwanja na michezo ya kubahatisha. Nyingine ni mitego: ujumbe unaomwelekeza atume "ile hela" kwenye namba asiyoifahamu, kana kwamba kulikuwa na makubaliano ya awali, ujumbe wa anayejifanya mwenye nyumba na kudai kodi kwa namba mpya, au ujumbe wa kumwalika ajiunge na chama cha siri kitakachomtajirisha. Katikati ya jumbe hizo hupita pia zile zenye manufaa, kama vile taarifa ya DAWASA kuhusu kukatika kwa maji, tangazo la chanjo, wito wa kikao cha wazazi, au kumbukumbu namba ya malipo ya huduma.

Mkazi aliyechoshwa huzifuta zote bila kuzisoma, na hapo hupatikana hasara mbili. Tapeli huendelea na kazi yake, kwa kuwa hakuna aliyemtaja. Ujumbe wa kweli nao hupotea, na mzazi hukosa siku ya chanjo ya mtoto wake ilhali taarifa ilifika katika simu yake.

Somo hili linahusu njia iliyo kati ya kufuta na kunyamaza, yaani kulalamika kwa utaratibu. Linaeleza jinsi mfumo wa malalamiko dhidi ya watumaji wa mkupuo unavyofanya kazi katika baruapepe na katika simu, kwa nini mfumo huo umebadilishwa, na wajibu wa kila upande. Msingi wake ni mmoja: lalamiko huleta matokeo pale linapomfikia mwenye uwezo wa kuchukua hatua, likiwa limebeba utambulisho sahihi wa aliyetuma.

MAANA YA MANENO

Ujumbe wa mkupuo ni ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, uwe wa baruapepe au wa simu. Kutuma kwa mkupuo si kosa. Shule, zahanati, SACCOS, benki na ofisi za umma hufanya hivyo kila wiki kwa nia njema.

Ujumbe taka ni ule usioombwa na mpokeaji, ambao aghalabu hutumwa kwa mkupuo. Si kila ujumbe taka ni wa utapeli: tangazo la duka la samani linaweza kuwa la kweli kabisa na bado likawa taka kwa mtu ambaye hakuomba kulipata.

Ujumbe wa utapeli ni ule unaolenga kumwibia mpokeaji fedha, neno la siri au taarifa zake binafsi.

Mrejesho wa malalamiko ni utaratibu ambao mpokeaji anapotamka kuwa ujumbe fulani ni taka, taarifa yake husafiri kurudi hadi kwa mtumaji au kwa msimamizi wake, ili hatua ichukuliwe.

LALAMIKO LA KWANZA

Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko katika kampuni ya kompyuta ya Marekani iitwayo Digital Equipment Corporation, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Tangazo hilo hutajwa kuwa baruapepe taka ya kwanza. Wapokeaji walikasirika, na wasimamizi wa mtandao walijua mara moja wa kumwonya. Watumiaji walikuwa wachache, anwani zao zilichapwa katika kitabu, na kila mtu aliweza kujulikana. Hali ilikuwa kama ile ya balozi wa nyumba kumi, ambaye akiletewa lalamiko asubuhi, jioni ameshagonga mlango wa mhusika.

Mtandao ulipopanuka, ujirani huo ulikwisha. Kampuni zinazotoa huduma ya baruapepe ziliweka kitufe cha kumwezesha mpokeaji kutamka kuwa ujumbe ni taka. Kitufe hicho kilisaidia upande mmoja tu: ujumbe uliondolewa katika kikasha cha mpokeaji, lakini mtumaji hakuambiwa lolote. Aliendelea kutuma kwa watu wale wale, akiamini kuwa wanamsoma.

Ndipo utaratibu wa mrejesho ulipobuniwa. Kampuni ya AOL ya Marekani ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mtumaji aliyejiandikisha alipelekewa nakala ya kila ujumbe uliolalamikiwa, ili amwondoe mlalamikaji katika orodha yake. Mwaka 2010 muundo wa pamoja wa taarifa hizo ulichapishwa rasmi, ili mashine za kampuni mbalimbali ziweze kuzisoma kwa namna moja.

KUTOKA NAMBA YA NYUMBA HADI JINA LA MPANGAJI

Mifumo ya awali ya mrejesho ilimtambua mtumaji kwa anwani ya kompyuta iliyotuma ujumbe, yaani ile anwani ya tarakimu ambayo kila seva hupewa katika intaneti. Utambuzi huo una kasoro ambayo mkazi yeyote wa nyumba ya kupanga ataielewa.

Nyumba moja ina wapangaji sita. Taka zinakutwa zimetupwa katika mtaro ulio mbele yake. Onyo likiandikwa kwa namba ya nyumba peke yake, wapangaji watano wasio na kosa wataadhibiwa pamoja na mmoja mwenye kosa. Yule mwenye kosa naye akihamia mtaa wa pili, onyo linabaki nyumbani alikotoka, naye anaanza upya akiwa safi.

Ndivyo ilivyo katika baruapepe. Biashara nyingi ndogo hazina seva zao. Hukodi nafasi kwa kampuni inayotuma kwa niaba ya mamia ya wateja kupitia anwani zile zile. Mteja mmoja akituma taka, lalamiko huandikwa kwa anwani ya wote. Mtumaji mbaya naye, akibanwa, huhamia anwani nyingine.

Mfumo mpya humtambua mtumaji kwa kikoa chake. Kikoa ni lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani ya baruapepe. Kwa ofisi za Serikali ya Tanzania, jina hilo huishia na.go.tz. Ili jina hilo lisighushiwe, kila ujumbe hutiwa saini ya kidijitali inayoitwa DKIM, ambayo kanuni zake zilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Seva ya mpokeaji huihakiki saini hiyo. Ikilingana, inathibitika kuwa ujumbe umetoka kwa mwenye jina na kwamba haukubadilishwa njiani. Kampuni ya Yahoo, kwa mfano, huendesha mrejesho wake wa malalamiko kwa msingi huu: mtumaji huandikisha kikoa chake, na kila lalamiko dhidi ya ujumbe uliosainiwa kwa jina hilo humrudia, hata kama ameukodisha utumaji kwa kampuni nyingine.

Taasisi inayohamia mfumo huo ina kazi nne. Kwanza, kuhakikisha baruapepe zake zote zina saini. Pili, kuandikisha kikoa chake na kuthibitisha umiliki. Tatu, kufungua kikasha maalumu cha kupokelea malalamiko na kumteua mtu wa kukisoma. Nne, kuchukua hatua, yaani kumwondoa mlalamikaji katika orodha.

Taasisi isiyohama huacha kupokea taarifa za malalamiko, lakini malalamiko yenyewe hayakomi. Wapokeaji wanaendelea kubonyeza kitufe, sifa ya taasisi inaendelea kushuka, na ofisi haioni chochote. Ukimya wa namna hiyo usichukuliwe kuwa ni kuridhika kwa wananchi. Ni sawa na sanduku la maoni lenye ufunguo uliopotea: karatasi zinaendelea kuingia, lakini hakuna anayezisoma.

MASHARTI YA MWAKA 2024

Tangu Februari 2024, kampuni za Google na Yahoo zimeweka masharti makali zaidi kwa watumaji. Google humhesabu mtumaji anayepeleka jumbe 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail kuwa mtumaji wa mkupuo. Mtumaji huyo hana budi kuthibitisha jina lake kwa saini na kwa rekodi nyingine za kikoa. Jumbe zake za matangazo lazima ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na maombi ya kujiondoa yatekelezwe ndani ya siku mbili.

Sharti lililo zito zaidi ni la kiwango cha malalamiko, na hilo linawahusu watumaji wote, wakubwa kwa wadogo. Google huwataka wabaki chini ya asilimia 0.1, na wasifikie kamwe asilimia 0.3. Kwa hesabu nyepesi, katika kila jumbe 1,000 zilizofika vikashani, malalamiko matatu yanatosha kumwingiza mtumaji katika hatari. SACCOS yenye wanachama 2,000 wanaotumia Gmail itafikia mpaka huo kwa wanachama sita tu kubonyeza kitufe. Mtumaji aliyevuka mpaka hukuta jumbe zake zikipelekwa kwenye folda ya Taka au zikikataliwa, zikiwamo zile za muhimu kama taarifa ya gawio na wito wa mkutano mkuu.

Kwa hiyo kidole cha mkazi mmoja kina uzito mkubwa, na uzito huo unadai uangalifu. Kitufe cha "Ripoti taka" hakifai kutumiwa kama njia ya kufuta ujumbe wa shule ya mtoto au wa chama ambacho mkazi alijiunga kwa hiari. Kwa ujumbe wa aina hiyo, njia sahihi ni kujiondoa katika orodha au kuiandikia taasisi. Kitufe cha taka kiachwe kwa mtumaji asiyejulikana, anayekataa kumwondoa mtu, au mwenye dalili za utapeli. Ikumbukwe pia kuwa katika ujumbe wa tapeli, hata kiungo kilichoandikwa "jiondoe" chaweza kuwa mtego. Huo huripotiwa bila kubonyezwa kitu ndani yake.

UPANDE WA SIMU: LAINI NA ALAMA ZA VIDOLE

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, ujumbe wa simu ndio wenye uzito kuliko baruapepe, maana fedha zao zimo katika simu hiyo hiyo. Huko nako safari ya utambuzi imefanana na ile iliyoelezwa juu: mtumaji asiyejulikana alitafutiwa jina.

Zamani laini ziliuzwa barabarani kama karanga, na aliyetuma ujumbe wa utapeli aliitupa laini na kununua nyingine. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilisisitiza usajili wa laini. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019, usajili ulianza kufanywa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na kumbukumbu za NIDA, na tarehe 20 Januari 2020 kazi ya kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kwa utaratibu huo ikaanza. Hivyo nyuma ya kila namba pakawekwa mtu, kama ilivyowekwa saini nyuma ya kila kikoa.

Usajili peke yake, hata hivyo, haumkamati mtu. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, laini zilizosajiliwa nchini zilizidi milioni 80. Hakuna ofisi inayoweza kuzichunguza zote. Anayejua kwamba namba fulani imetuma mtego leo asubuhi ni yule aliyeupokea, naye asiposema, namba hiyo hubaki ikihesabika kuwa ya raia mwema.

Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, huonyesha pia majaribio ya utapeli kwa mikoa, na mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro imetajwa kuongoza. Maana yake kwa mkazi wa Yombo Vituka au Kunduchi ni kwamba anayemsumbua huenda yuko mamia ya kilomita kutoka alipo. Kumsimulia jirani kunamwonya jirani, nalo ni jambo jema, lakini simulizi hilo halimfikii tapeli. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa hawezi kugonga mlango ulio Sumbawanga. Linaloweza kufika huko ni lalamiko lililopitia mfumo wa kitaifa.

NAMBA 15040 NA HATUA ZAKE

TCRA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imeweka namba 15040 kwa ajili ya kupokea taarifa za jumbe za utapeli kutoka mitandao yote. Hatua za kufuata ni hizi:

1. Mkazi asijibu ujumbe, asipige namba iliyotuma, na asibonyeze kiungo chochote kilichomo.

2. Auchague ujumbe huo na kuupeleka, kama ulivyo, kwenda 15040. Asiuandike upya wala kuufupisha, kwa kuwa maneno halisi ndiyo ushahidi.

3. Mfumo utamtaka ataje namba iliyotuma ujumbe. Aiandike kwa ukamilifu na kuihakiki kabla ya kuituma.

4. Abaki na ujumbe wa awali katika simu yake hadi jambo litakapokwisha, hasa kama fedha zimepotea.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Ujumbe unapopelekwa kwa mtu mwingine, maneno husafiri lakini namba ya aliyetuma haisafiri nayo. Mkazi anayeishia katika hatua ya pili amepeleka barua isiyo na jina. Mfumo unajua kuwa kuna utapeli, lakini haujui wa nani.

Fedha zikiwa zimeshatumwa, muda ndio muhimu. Mkazi apige mara moja namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya simu nchini, aombe muamala uzuiwe, kisha aende kituo cha polisi kilicho karibu kutoa taarifa na kupewa RB. Kumbukumbu namba ya muamala, saa na kiasi viandikwe mapema, kabla ya wasiwasi kuvifuta akilini. Pia ifahamike kwamba mtoa huduma halali hamwombi mteja namba ya siri. Anayepiga kwa namba ya kawaida akijitambulisha kuwa wa "makao makuu" na kumwelekeza mtu abonyeze tarakimu fulani, huyo si mtoa huduma.

Malipo ya Serikali, yakiwamo ya Halmashauri, hufanywa kwa kumbukumbu namba. Ujumbe unaodai ada ya taka, leseni au kibali kwa kutuma fedha kwenye namba ya mtu binafsi unastahili kupelekwa 15040, na Mtendaji wa Mtaa ajulishwe ili awaonye wengine.

LALAMIKO LINAPOMWANGUKIA ASIYEHUSIKA

Mfumo unaofuata jina huwa wa haki kwa kadiri jina lenyewe lilivyo la kweli. Hapa pana hatari ambayo kila mwenye kitambulisho cha Taifa anapaswa kuifahamu: laini ya tapeli yaweza kuwa imesajiliwa kwa alama ya kidole cha mtu mwingine.

Jambo hilo hutokea pale wakala asiye mwaminifu anapomwambia mteja kuwa "mashine imegoma" na kumtaka aweke kidole mara ya pili na ya tatu. Kila kidole kinaweza kufungua laini mpya, ambayo mteja haioni na ambayo baadaye huuzwa. Malalamiko yakimiminika dhidi ya laini hiyo, kumbukumbu humwonyesha bibi wa Toangoma au kijana wa Mabwepande ambaye hajawahi kutuma ujumbe wowote wa utapeli.

Kinga ipo. Mkazi abonyeze *106# katika simu yake na kufuata maelekezo ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aende kwenye duka la mtandao husika akiwa na kitambulisho, aikane na kuomba ifutwe. Inafaa zoezi hili lifanywe mara kwa mara, na kila baada ya kusajili au kurejesha laini. Familia ziwasaidie wazee wao kulifanya, bila kuchukua namba zao za siri. Wanaosajili laini kwenye miavuli ya barabarani wadai maelezo kila wanapotakiwa kurudia kuweka kidole, na wahakiki hapo hapo kabla ya kuondoka.

WAJIBU WA WATUMAJI WALIOMO NDANI YA KATA

Ni rahisi kudhani kuwa watumaji wa mkupuo ni kampuni kubwa za mjini. Ukweli ni kwamba kila kata inao: shule inayowakumbusha wazazi ada, zahanati inayowaita akina mama kliniki, kikundi cha VICOBA, kanisa, msikiti, dalali wa viwanja, duka la vifaa vya ujenzi. Wengi wao hawana utaratibu wowote wa kupokea malalamiko, na hapo ndipo wananchi huanza kuwaweka katika kundi moja na matapeli. Mambo yafuatayo yanawahusu.

Namba zitumike kwa kazi iliyoombewa. Daftari la mahudhurio la mkutano wa mtaa lina majina na namba za watu waliokuja kuzungumzia mtaro au ulinzi shirikishi. Kulipiga picha na kumpa mfanyabiashara ni kuvunja imani ya waliojiandikisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zitumike kwa kusudi hilo. Inampa pia mhusika haki ya kumtaka aliyezikusanya asizitumie kwa matangazo ya biashara. Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo pia hupokea malalamiko ya wananchi.

Ujumbe ujitambulishe. Jina la mtumaji, sababu ya kumwandikia mpokeaji, na namba ya kupiga kwa mwenye swali viwemo. Jumbe nyingi za mkupuo hufika zikiwa na jina badala ya namba, na mpokeaji hawezi kuzijibu. Bila namba ya mawasiliano ndani ya ujumbe, hana mahali pa kulalamika isipokuwa kwa mamlaka.

Orodha isafishwe. Namba isiyotumika kwa muda mrefu huweza kugawiwa mteja mwingine. Shule inayotuma matokeo ya mtoto kwa namba ya miaka mitano iliyopita huenda inampelekea mtu baki siri za familia ya wengine, na lalamiko la mtu huyo ni la haki.

Walioomba kuondolewa waandikwe. Hili huwashangaza wengi: jina la aliyeomba kutotumiwa ujumbe lisifutwe tu, bali liwekwe katika orodha ya pekee ya wasiotakiwa kutumiwa. Likifutwa tu, siku karani atakapoingiza tena daftari la zamani, mtu yule atarudi na kuanza kupokea upya. Mara hii hataomba tena. Ataripoti moja kwa moja.

Malalamiko yawe na mwenyewe. Ateuliwe mtu mmoja wa kuyapokea, na daftari dogo lioneshe tarehe, kilicholalamikiwa na hatua iliyochukuliwa. Lalamiko la kila mtu huishia kuwa la hakuna mtu.

Kwa upande wa adhabu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inakataza kuanzisha au kusambaza ujumbe usioombwa, au kughushi utambulisho wa chanzo chake, kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Mwenye biashara halali hana sababu ya kukiogopa kifungu hicho. Hata hivyo, anayeficha jina lake anajiweka mwenyewe karibu na wale wanaolengwa nacho.

MUHTASARI

Katika baruapepe, utambuzi umehama kutoka anwani ya kompyuta hadi jina lenye saini. Katika simu, umehama kutoka laini isiyo na mwenyewe hadi laini yenye alama ya kidole. Mabadiliko yote mawili yameliwezesha lalamiko kumfikia mhusika, na yote mawili hubaki bila kazi mpokeaji anapofuta na kunyamaza. Kila lalamiko lililokamilika humpunguzia tapeli nafasi, na humwachia nafasi yule anayetangaza chanjo, maji na kikao cha mtaa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yanaweza kujadiliwa katika familia, katika vikundi vya kuweka na kukopa, au katika mkutano wa mtaa.

1. Kwa nini kupeleka ujumbe wa utapeli kwenda 15040 bila kutaja namba iliyoutuma hakutoshi?
Jibu: Kwa sababu maneno husafiri bila namba ya mtumaji, na bila namba hiyo hakuna wa kuchukuliwa hatua.

2. Mzazi amechoka kupokea baruapepe za shule ambayo mwanawe alishahama. Abonyeze "Ripoti taka"?
Jibu: Hapana. Ajiondoe katika orodha au aijulishe shule. Asiporidhishwa baada ya hapo, ndipo aripoti.

3. SACCOS imetuma baruapepe 3,000 zikafika vikashani mwa Gmail, na wapokeaji tisa wameziripoti kuwa taka. Je, imefikia mpaka wa hatari?
Jibu: Ndiyo. Tisa katika 3,000 ni asilimia 0.3.

4. Ofisi iliyokuwa ikipokea taarifa za malalamiko kila wiki sasa haipokei hata moja. Ifurahi?
Jibu: Ihakiki kwanza kama kikoa chake kimeandikishwa katika mfumo mpya, kama saini inafanya kazi, na kama kikasha cha malalamiko kinasomwa.

5. Mkazi amebonyeza *106# akakuta laini asiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Afanye nini?
Jibu: Aende na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, aikane laini hiyo na kuomba ifutwe bila kuchelewa.